Kikohozi cha Mtangazaji

Shangazi yangu Saturnina hakuwahi kuupenda mpira wa miguu. Aliushona tu, kama nusu ya wanawake wa mji wetu wa Quiindy tunavyoushona hadi leo. Alikaa barazani kwenye kiti cha kamba, vipande vya ngozi magotini, sindano mbili mkononi, na kila gozi alilolifunga alilitupa kapuni bila kuliangalia mara ya pili. Aliyeupenda ni mumewe, Don Crescencio Ovelar. Aliupenda kwa mdomo, maana miguu yake haikuwahi kumfaa kitu uwanjani.

Don Crescencio alitangaza mechi za ligi yetu kwenye redio ya mji tangu mimi sijazaliwa. Watu walikwenda uwanjani na redio zao ndogo wameziweka sikioni, wakaitazama mechi kwa macho na kuisikiliza kwake, kwa sababu mechi ya Don Crescencio ilikuwa nzuri kuliko ile iliyokuwa ikichezwa. Beki mzito wa Atlético Cerrito, ambaye kutwa nzima wiki nzima alikuwa akichinja ng'ombe buchani, kwake alikuwa "ukuta wa mawe uliojifunza kutembea." Mechi ikidoda, yeye haikumdodea. Wapishi walikuwa wakiacha tambi zigande sufuriani ili wasikie kona imepigwaje.

Alikuwa na miaka hamsini na minane alipopata kizunguzungu cha kwanza. Alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu, akashindwa kuinuka. Shangazi akamburuza mpaka zahanati kwa nesi Perla, msichana mwenye sauti kubwa ambaye mama yake na sisi tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Perla akamfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akausikiliza, akaujaza tena.

"Don Crescencio, presha yako imepanda juu ya paa."

"Paa la nani, binti? La kwangu fupi, hata kuku anapanda."

"Mimi sitanii, mzee wangu. Hii inaua. Na isipoua inavunja figo, inavunja moyo, inavunja macho. Nakupa vidonge, kimoja kila asubuhi. Chumvi punguza. Na ile nyama ya mbavu yenye mafuta, uwaachie vijana."

"Basi niue sasa hivi, Perla, tusichoshane."

Lakini alivimeza. Nilimwona mwenyewe asubuhi, kidonge kwenye ulimi, na tereré, ile chai yetu ya majani ya maji baridi, ya kushushia. Wiki ya tatu kikaanza kikohozi. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa kikavu, chembamba, kama mtu anayekukuna kooni kwa unyoya. Nyumbani hakikumsumbua sana. Kilimsumbua siku ya nusu fainali.

Dakika zilikuwa zimekwisha, Cerrito na Isla Alta bao moja kwa moja, na refa akatoa penalti. Mji mzima ulikuwa umenyamaza. Don Crescencio akaanza kuijenga ile penalti kama kawaida yake, taratibu, tofali juu ya tofali: mpigaji anauweka mpira, anarudi nyuma, anafuta jasho, anamtazama golikipa... Hapo koo likamkuna. Akakohoa. Akajaribu kusema, akakohoa tena, na tena, mpaka machozi yakamtoka. Mpira ulipigwa, ukaingia, uwanja ukalipuka, na walioko majumbani hawakusikia kingine ila "kho, kho, kho."

Quiindy haisamehe. Kesho yake alipoingia baa ya biliadi, Lino fundi viatu, rafiki yake wa tangu utoto, akaweka fimbo yake chini na kuuliza kwa sauti ya heshima kabisa:

"Samahani, Don Crescencio, lile bao alifunga nani? Maana mke wangu anasema lilifungwa na mtu anaitwa Kho."

"Si ndiyo huyo mpya," mwingine akadakia. "Kho Kho. Amesajiliwa kutoka Brazil."

Wakacheka mpaka chaki ikaanguka. Yeye pia alicheka. Lakini kwa muda wa wiki nzima kila alikopita kulikuwa na mtu wa kukohoa, sokoni, kanisani, hata padri alikohoa kwa bahati mbaya katikati ya mahubiri na watu wakageuka kumtazama Don Crescencio. Ijumaa usiku alimwambia shangazi:

"Vile vidonge naviacha."

"Usiviache. Nenda kwa Perla umwambie vinakukohoza."

"Nikamwambie ili iweje? Atasema nivumilie. Watu wa dawa wanajua neno hilo moja tu."

"Mwambie tu, Crescencio."

"Nitakwenda Jumatatu."

Jumatatu alikwenda Paraguarí kwa shughuli za redio. Jumatatu iliyofuata kikohozi kilikuwa kimekwisha, sauti imerudi imekaa vizuri kooni kama paka kwenye mto, na hakuona haja ya kwenda. Shangazi alipomkumbusha, alijibu: "Presha inaniuma wapi? Nionyeshe. Kitu kisichouma si ugonjwa, ni maneno."

Shangazi hakuwa mtu wa kushindana. Alikwenda sokoni kwa muuza mitishamba, akamweleza, akarudi na furushi la majani na mizizi. Kila siku akaitwanga na kuitia kwenye maji ya tereré. Don Crescencio aliinywa kwa furaha, maana tereré angeinywa hata ingekuwa na misumari ndani. Shangazi akatulia moyoni. Kwa macho yake mumewe alikuwa mzima: anakula, anaimba, anagombana na jogoo wa jirani. Hakuna aliyerudi kuupima ule mkono tena.

Miaka ikapita.

Macho yalianza kama vumbi. Alikuwa akifuta miwani, kisha akifuta kioo cha kibanda cha kutangazia, kisha akimlaumu mwenye uwanja kwamba hamwagi maji. Jumapili moja alimpa bao Villalba, winga wa Cerrito, akamsifia kwa pumzi moja ndefu, mbio zake, chenga zake, marehemu baba yake aliyekuwa naye winga, na kumbe Villalba alikuwa amelazwa nyumbani na homa ya dengue, anaisikiliza mechi kitandani. Jioni Villalba mwenyewe alipita barazani kwao amejifunga blanketi.

"Don Crescencio, nimekuja kushukuru. Sijawahi kufunga bao zuri kama lile nikiwa nimelala."

Tulicheka sote. Shangazi peke yake hakucheka. Alimtazama mumewe jinsi alivyoinua uso kumtafuta aliyesema, na uso ukaenda upande usio na mtu.

Jumapili iliyofuata alipanda naye ngazi ya kibanda, jagi la tereré mkononi kama kisingizio. Akakaa kushoto kwake, chini ya kipaza sauti. Mpira ulipoanza, akamnong'oneza. Sasa, shangazi hakujua majina ya wachezaji. Hakujua namba wala nafasi. Alijua mama zao.

"Mtoto wa muuza mikate ya chipa anao," alinong'ona. "Kampa mjukuu wa Ña Ramona. Mjukuu wa Ña Ramona kaanguka. Hajaumia, anajifanya, alikuwa hivyo hivyo toka mdogo. Sasa anao yule wa kwao kwenye mlango wa kijani."

Na Don Crescencio, bila kukatika hata pumzi: "Giménez anaumiliki, Giménez anamtazama mwenzake, pasi kwa Orué, Orué chini! Refa anasema inuka, kijana, hapa si kanisani! Mpira sasa kwa Chamorro..."

Ilikwenda hivyo kwa muda wa zaidi ya misimu miwili. Watu walisema mzee amezaliwa upya. Kulikuwa na habari mpya katika utangazaji wake, vijineno vya nyumbani, nani kaoa na nani kaachwa, nani aliiba mapera akiwa mdogo. Hakuna aliyejua zinatoka wapi ila mimi na fundi mitambo. Shangazi, ambaye miaka yote hiyo hakuujali mpira, akawa anaamka Jumapili na kuvaa gauni zuri. Aliniambia siku moja tukishona: "Mwanangu, sikujua kwamba ule mchezo una watu ndani yake." Nadhani walikuwa hawajawahi kukaa karibu hivyo tangu walipooana.

Wakati huo mboni za macho ya Don Crescencio zilikuwa zimeanza kuwa na utando wa kijivu, hasa jicho la kulia. Kila mtu angeweza kuona kama angemtazama. Lakini ni nani anayemtazama mtangazaji?

Siri ilifichuka siku ya fainali. Mechi iliisha, Isla Alta wakafungwa mabao matatu, na desturi ilikuwa Don Crescencio ashuke uwanjani kumhoji kocha wa washindi. Shangazi alikwama ngazini kwa sababu ya umati. Yeye akatangulia, akaona umbo la mtu mnene, akampiga begani na kumsogezea kipaza sauti.

"Profesa, hongera! Siku ya furaha namna gani! Tuambie, umewafanyaje hawa maskini?"

Alikuwa kocha wa Isla Alta. Machozi yalikuwa bado mashavuni mwake. Mtu yule alimshika Don Crescencio mkono kwa upole, akamgeuza kumwelekeza kwa mwenzake, na uwanja mzima ukaona. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwenye redio ndiye aliyesema asione aibu, mtoto wa jicho si jambo la kulilia, hospitali ya serikali mji mkuu, Asunción, wanatoa kila siku kama wanavyong'oa meno. Baba yake mwenyewe alitolewa, na sasa anasoma gazeti bila miwani. Don Crescencio akafurahi kama amekwishapona. Akaanza kupanga atakavyoutangaza msimu ujao. Nilikwenda nao, kwa kuwa shangazi hakupenda kupanda basi la Asunción peke yake na mtu asiyeona.

Pale hospitali, kabla ya yote, wakampima presha. Muuguzi akaangalia mashine, akambadilisha mkono, akaangalia tena. Mia mbili na kumi juu, mia moja na ishirini chini. Akatoka, akarudi na daktari Noelia Bareiro, mwanamke mfupi mwenye nywele za kijivu.

"Leo hatufanyi," daktari alisema.

"Daktari, hiyo ni hasira ya basi tu. Dereva yule alikuwa mwehu. Nipe nusu saa iteremke."

"Don Crescencio, nikilifungua jicho lako na presha hii, linaweza kuvuja damu kwa ndani mbele ya macho yangu, na nisiwe na la kufanya. Unatumia dawa gani?"

Mtu aliyekuwa na maneno kwa kila jambo duniani alishika magoti yake akainama.

"Aliacha, daktari," shangazi akasema. "Miaka sasa. Zilikuwa zinamkohoza, na yeye ni mtangazaji."

Daktari Noelia aliweka kalamu mezani.

"Zilimkohoza? Lakini mama, hilo linajulikana. Vidonge vya aina ile vinawakohoza watu wengi. Akikohozwa anabadilishiwa. Kuna vingine havina kikohozi kabisa, na vipo hata kwenye zahanati zenu. Mbona hamkusema?"

Don Crescencio akauliza, taratibu, kama mtu anayerudia swali ili awe na uhakika kwamba amelisikia: "Kuna vingine?"

"Vipo. Vilikuwepo siku zote."

Daktari alimchungulia macho kwa taa yake, akakunja uso. Ndani ya jicho la kushoto aliona kidogo. Ndani ya la kulia hakuona kitu. "Ni kama kuchungulia chumba ambacho dirisha lake limepakwa chokaa," alisema. "Sijui mle ndani mna nini. Tukishaitoa hii chokaa tutajua. Sitaki uweke matumaini makubwa kabla hatujajua."

Lakini matumaini hayasubiri kuwekwa. Alirudi nyumbani na vidonge vipya, akameza cha kwanza, akakaa barazani akikisubiri kikohozi kama mtu anayemsubiri mgeni asiyempenda. Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya tatu, hakuna. Nilimkuta mara moja amekaa peke yake, kichwa amekiinua, anajisikiliza koo. "Hakiji," aliniambia. Sikujua kama anafurahi au analia.

Nesi Perla, ambaye sasa alikuwa na watoto wawili na mvi moja aliyojivunia, alikuwa akipita kumpima. Presha ilishuka, siku hadi siku. Siku moja, akikunja mkanda wake, alisema bila mtu kumwuliza: "Nilijua kwamba hukurudi, Don Crescencio. Nilikuwa nikisema nitapita. Lakini kila Jumapili nafungua redio nakusikia unanguruma kama simba, nasema moyoni, aa, mzee mzima yule. Sauti yako ilinidanganya."

"Hata mimi ilinidanganya, binti," alisema.

Tuliporudi Asunción, upasuaji ulikwenda vizuri. Jicho la kulia kwanza, kwa sababu ndilo lililokuwa baya. Alitoka akiwa na bandeji, anataniana na wauguzi, akaomba nyama, akapewa supu isiyo na chumvi, akasema bora wangemwacha kipofu. Asubuhi yake daktari akaitoa bandeji. Shangazi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono ameifumbata kifuani.

Kwanza aliona dirisha, na nje ya dirisha mti wa lapacho uliokuwa umechanua.

"Saturnina! Ile rangi! Mama yangu, ile waridi! Ilikuwa wapi siku zote hizi? Na bluu ya juu kule... jamani, bluu!" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Shangazi naye akaanza kulia, mimi nikaanza kulia. Kisha akamgeukia mkewe ili amwone, na kicheko kikasita.

Akafumba jicho, akafumbua. Akapangusa kope.

"Bado kuna kitu hapa," alisema. "Daktari, bado hamjamaliza. Kuna doa."

"Doa liko wapi?"

"Katikati. Naona nywele zake. Naona bega, naona gauni. Lakini uso... kuna mtu ameweka kidole gumba usoni kwake."

Daktari Noelia akamtia dawa ya kupanua mboni, akamchungulia kwa muda mrefu, taa inakwenda juu na chini. Alipomaliza alivuta kiti akakaa, na mimi nikajua, kwa maana daktari mwenye habari njema husema akiwa amesimama.

Alimweleza kwa lugha nyepesi. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, nao unalishwa na mishipa ya damu myembamba kuliko uzi wa kushonea. Presha ya miaka mingi imeikaza mishipa ile na kuiharibu. Mmoja uliziba, damu ikavuja, maji yakajaa pale katikati, mahali pa kusomea na kutambulia nyuso, na yalipokauka yakaacha kovu. Yote hayo yalitokea nyuma ya ukungu wa mtoto wa jicho, bila maumivu. Hakuona anachokipoteza kwa sababu tayari alikuwa haoni vizuri.

"Lini?" aliuliza.

"Siwezi kujua hasa. Si mwaka huu. Miaka miwili, mitatu labda."

"Ningekuja wakati ule, mngelitibu?"

"Tungejaribu. Kuna sindano zinazosaidia zikiwahi."

"Na ningevimeza vidonge tangu mwanzo? Vile vingine?"

Daktari alifikiri. Nilimpenda kwa sababu hakukimbilia kujibu. "Siwezi kukuapia, Don Crescencio. Lakini naamini leo ungekuwa unamwona mkeo."

Jicho la kushoto walilifanyia upasuaji miezi miwili baadaye. Nyuma yake hakukuwa kubaya hivyo. Lilikuwa na madoa hapa na pale, picha kama kitambaa kilichotafunwa na nondo, lakini lilitosha kumtembeza barabarani, kumkatia muhogo, kumwonyesha gari linalokuja. Uso wa mtu akiwa karibu sana aliupata vipande vipande. Namba mgongoni mwa mchezaji hakuipata kamwe.

Usiku tuliorudi kutoka Asunción baada ya upasuaji wa pili, nilipolala kwao, niliwasikia jikoni. Sikukusudia kusikia, nyumba yao ilikuwa na kuta za mbao.

"Mimi ndiye niliyekupofusha," shangazi alisema.

"Usiseme upuuzi, mke wangu."

"Ningekuacha Jumapili ile ya kwanza uwataje watu waliolala vitandani, ungechekwa siku mbili, Jumatatu ungekwenda hospitali. Nikakuazima macho yangu. Nilikuazima mpaka ya kwako yakafa, na nilikuwa na furaha, Crescencio. Ndilo linaloniuma. Nilikuwa na furaha sana pale kibandani."

Kiti kikaburuzwa.

"Nilikwambia nitakwenda Jumatatu," alisema. "Wewe hukusema hivyo, nilisema mimi. Njia ya kwenda kwa Perla ni kona mbili. Maneno mangapi nimesema maisha yangu, Saturnina? Mwaka mzima ukiyajaza kwenye magunia huyamalizi. Lile moja, 'vinanikohoza,' likanishinda."

Msimu ulipoanza alitaka kujaribu. Alipanda kibandani akamwomba shangazi akae pembeni na asinong'one. Alitangaza alichokiona: jezi nyekundu kwa jezi nyekundu, nyeupe anauchukua, mbio, vumbi, kijani kibichi namna ile. Ilikuwa nzuri kwa namna yake, lakini haikuwa mechi. Watu majukwaani waliziondoa redio masikioni mmoja mmoja, kwa adabu, wakiziweka mapajani bila kuzizima. Ulipofika mapumziko aliomba matangazo ya biashara yasubiri. Aliwaambia wasikilizaji kwamba yeye hawaoni tena wachezaji, na kwa nini. Hakulipamba. Alisema alipewa dawa, ikamkohoza, akaona haya kukohoa, akaiacha, na kumbe ilikuwepo dawa nyingine ya bure na hakuuliza. "Ni hayo tu," alisema, akaivua ile spika ya masikioni, akamkabidhi fundi mitambo. Kipindi cha pili kilipigwa muziki wa kinubi mpaka mwisho.

Kesho yake Lino fundi viatu alikuja akasimama getini. Alikuwa ameshika kofia mkononi, mtu ambaye hata msibani havui kofia. Shangazi akamkaribisha, hakuingia.

"Crescencio," alisema, "ule mwaka, pale baa... mimi nilikuwa natania tu."

"Najua, Lino. Ulikuwa utani mzuri."

"Ningejua..."

"Wote tungejua. Ingia unywe kitu, maji yatapata moto."

Lino aliingia akanywa, na walizungumza habari za mvua. Tangu siku ile alikuwa akija kila asubuhi, na kila asubuhi aliuliza kitu kile kile kabla ya kukaa: "Umemeza?" Don Crescencio alijibu, "Nimemeza, mama mkwe," na hapo ndipo Lino alipokaa.

Redio ilimchukua kijana kutoka Paraguarí, anayesema haraka na kujua takwimu za Ulaya. Si mbaya. Shangazi hakwenda tena uwanjani, ingawa niliona Jumapili kadhaa akilitoa lile gauni zuri kabatini, akilikung'uta na kulirudisha.

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti nilikuwa nao barazani. Kelele za uwanja zilikuwa zikitufikia kwa vipande, kulingana na upepo. Shangazi alikuwa anashona. Don Crescencio alikuwa amekaa mkabala naye, lakini uso ameugeuza kuelekea kwenye kapu la mipira, ametulia hivyo kwa muda mrefu sana, kichwa kimeinama upande.

"Unatazama nini huko?" shangazi aliuliza. "Kapu hilo lina nini leo?"

"Nakutazama wewe."

"Mimi niko huku."

"Najua uko huko. Nikikutazama moja kwa moja unapotea. Nikitazama kapu, unakuja kidogo, pembeni." Akainamisha kichwa zaidi. "Umezeeka, Saturnina. Sikuwepo ulipokuwa unazeeka."

Shangazi alishusha sindano. Alikaa bila kusogea, mikono juu ya ngozi, akamwacha mumewe aendelee kulitazama kapu kwa kadiri alivyotaka.